Jarida Linalosomwa Bila Kuhesabiwa

Anayetaka kujua hali ya jarida la kitaaluma siku hizi haanzi kwa kulifungua jarida lenyewe, bali hufungua kanzidata. Huandika jina la jarida kwenye kisanduku cha kutafutia, na baada ya sekunde chache hupata tarakimu: makala zilizochapishwa, mara zilizorejelewa, na kipimo kimoja au viwili vinavyodai kujumlisha yote hayo. Kwa jarida kubwa la tiba linalotoka London au Boston, tarakimu hizo huwa hazipishani sana na hali halisi. Kwa jarida la kikanda, na hasa linalochapisha kwa Kiswahili, mara nyingi hutueleza zaidi juu ya kanzidata kuliko juu ya jarida. Tofauti hiyo ina madhara, kwa sababu kamati za kupandisha vyeo vyuoni, wafadhili na hata wahariri wenyewe hutumia tarakimu hizo hizo kuamua makala ipi ina uzito na ipi haina.

Ili mjadala usielee hewani, nitatumia zaidi mfano mmoja, yaani jarida liitwalo Kiswahili, linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lina umri mkubwa, limepita katika mikono mingi, na historia yake inagusa matatizo mengi yanayomkabili mtu anayepima majarida ya kikanda.

Mambo matatu yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya kawaida kuhusu majarida, mambo matatu hutiwa katika kapu moja. La kwanza ni mwenendo wa uchapishaji: jarida limetoa nini, lini, kwa lugha gani, na waandishi wake ni akina nani na wanatoka wapi. La pili ni mwonekano: nani anaweza kuipata makala akiitafuta, na nani ameipata kweli na kuitumia. La tatu ni ubora wa hoja zilizomo, ambao hupimwa kwa kusoma tu. Uchunguzi wa kitakwimu wa machapisho, ambao wataalamu wa maktaba huuita bibliometriki, unaweza kusema mengi juu ya mambo mawili ya kwanza. Juu ya la tatu hauna la kusema, ingawa ripoti nyingi huandikwa kana kwamba idadi ya marejeleo ni cheti cha ubora.

Mwenendo na mwonekano navyo vina uhusiano usio wa moja kwa moja. Jarida linaweza kutoka kwa wakati, likawa na wapitiaji makini na waandishi kutoka nchi nyingi, na bado lisionekane. Linaweza pia kuonekana sana kwa sababu tu limepachikwa mahali pazuri mtandaoni. Kwa hiyo mchunguzi hana budi kupima kila kimoja peke yake kabla ya kusema kipi kimesababisha kipi.

Majina manne ya jarida moja

Kamati iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Tangu miaka yake ya mwanzo ilikuwa ikitoa taarifa iliyobeba jina la Kiingereza la Kamati yenyewe. Katika miaka ya 1950 taarifa hiyo ilijulikana kuwa jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 iliitwa Swahili, na tangu miaka ya 1970 inaitwa Kiswahili. Makao nayo yalihamahama: Dar es Salaam, kisha Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa kwa muda mfupi, na hatimaye Dar es Salaam tena. Mwaka 1964 Kamati ilikabidhi shughuli zake kwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichokuwa chini ya chuo kikuu. Hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na mwaka 2009 TUKI ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili kuunda TATAKI.

Kwa msomaji wa historia huo ni mfululizo mmoja. Kwa kanzidata ni majarida manne. Utaratibu wa kimataifa wa ISSN, yaani namba ya tarakimu 8 inayotambulisha jarida, unataka jarida linalobadilisha jina kwa kiasi kikubwa lipewe namba mpya. Utaratibu huo ni wa busara, lakini matokeo yake ni kwamba makala ya mwaka 1955 na makala ya mwaka 1985, zilizotolewa na taasisi ambayo ni mwendelezo wa ile ile, huingizwa katika mafungu tofauti. Maktaba nyingi za nje huorodhesha kila jina peke yake, na mwandishi anayerejelea hutumia jina lililo kwenye jalada la nakala aliyoishika. Asiyetengeneza jedwali la majina kabla ya kuanza kuhesabu atapata jarida lenye umri wa miaka hamsini na kitu, na miongo minne ya mwanzo ataipoteza bila kujua kwamba ameipoteza.

Jina la sasa nalo lina taabu yake. Jarida linaloitwa kwa jina la lugha yenyewe haliwezi kutafutwa kwa jina hilo peke yake, kwa kuwa injini yoyote ya utafutaji italeta kamusi, masomo ya wageni na habari za redio kabla ya kulifikia. Waandishi huliandika Kiswahili, Jarida la Kiswahili, au huongeza jina la taasisi mbele yake. Mashine inayojaribu kuunganisha marejeleo na chanzo chake hukutana na sura hizo zote na haina hakika kama ni kitu kimoja.

Kuna uvujaji mwingine ambao ni vigumu zaidi kuuona. Katika miaka ya 1950 jarida hilo lilikuwa na desturi ya kuchapisha viambatisho vilivyobeba matini ndefu. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhry juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, ulitoka hivyo mwaka 1955, ukiwa na tafsiri ya J. W. T. Allen. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita vya Maji Maji ulitoka mwaka 1957, na mwaka uliofuata ukaanza kutoka wasifu wa Tippu Tip, aliousimulia mwenyewe kwa Kiswahili, ukifasiriwa na W. H. Whiteley. Mwanahistoria anayeandika leo juu ya biashara ya pembe katika Kongo ya mashariki au juu ya upinzani dhidi ya Wajerumani hukutana na matini hizo mapema sana katika utafiti wake. Hata hivyo wasifu wa Tippu Tip ulikuja kuchapishwa pia kama kitabu, na wengi hurejelea kitabu hicho. Wengine humtaja mfasiri na mwaka, wasitaje jarida. Kwa hesabu ya kanzidata, kiambatisho ambacho huenda ndicho kilichotumiwa kuliko karibu yote ambayo jarida limewahi kutoa hakijaliletea jarida chochote. Hili hulirekebishi kwa kuongeza kanzidata ya pili au ya tatu. Unalirekebisha kwa kuchukua matini mashuhuri moja moja na kutafuta jinsi zilivyorejelewa katika vitabu, jambo ambalo ni kazi ya mikono.

Kuhesabu kilichochapishwa

Mchunguzi akishapata mfululizo kamili, kazi inayofuata ni kujenga orodha: kila makala, mwandishi wake, taasisi yake, lugha, mada, juzuu, toleo, kurasa na mwaka. Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo makosa mengi huingia.

Chukua mwaka. Majarida mengi ya vyuo vya ukanda huu huhaririwa na wahadhiri ambao pia wana madarasa, tasnifu za kusimamia na mitihani ya kusahihisha. Toleo lenye tarehe ya 2016 linaweza kutoka mtamboni mwishoni mwa 2018, na wakati mwingine matoleo mawili huunganishwa kuwa moja ili kufidia pengo. Ukihesabu kwa tarehe ya jalada, utaona jarida lisilokatika hata mwaka mmoja. Ukihesabu kwa tarehe ya kutoka, utaona mwaka mkavu, kisha mafuriko. Zote mbili ni kweli, na ripoti nzuri huzionyesha zote mbili.

Kuchelewa huko kunagusa moja kwa moja kipimo kinachotajwa kuliko vyote, yaani kipimo cha athari. Hesabu yake ni rahisi: marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia hugawanywa kwa idadi ya makala hizo. Tuchukulie jarida lilitoa makala 12 mwaka 2021 na nyingine 12 mwaka 2022, na katika mwaka 2023 makala hizo 24 zikarejelewa mara 6. Kipimo chake cha 2023 ni 6 kugawanya kwa 24, yaani 0.25. Sasa rudi kwenye toleo la 2016 lililotoka mwishoni mwa 2018. Marejeleo yanayohesabiwa kwa ajili ya makala zake ni yale ya 2017 na 2018 pekee, miaka ambayo hakuna aliyekuwa na nakala. Mwaka 2019, watu wanapoanza kulisoma, dirisha limeshafungwa. Makala hizo zimezaliwa zikiwa zimepitwa na muda wa kuhesabiwa, hata kama baadaye zitatumiwa katika kila darasa la fasihi kuanzia Eldoret hadi Zanzibar. Hata bila ucheleweshaji, dirisha la miaka miwili liliwafaa watu wa maabara, si wanaisimu wala wahakiki wa ushairi, ambao makala yao huweza kuanza kutajwa sana baada ya miaka kumi.

Majina ya waandishi yana vurugu yake. Msomi mmoja anaweza kuonekana akiwa T. S. Y. Sengo katika orodha moja, T. S. Y. M. Sengo katika nyingine, na Tigiti Sengo katika ya tatu. Mashine itamhesabu kuwa watu watatu. Kinyume chake, majina ya Kiislamu ya pwani yanayorudiwarudiwa, yakifupishwa kwa herufi za mwanzo, huwafanya watu watatu kuwa mmoja. Vilevile desturi ya kutumia jina la mtu, la baba na la babu haina jina la ukoo la kudumu, ilhali kanzidata hudai kila mtu awe nalo. Namba ya ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, inamtenganisha kila mwandishi na wenzake, lakini haiwasaidii waandishi wa miaka ya 1970.

Majina yakishasafishwa, ndipo swali la nani anaandika linapoweza kujibiwa. Mwaka 1926 Alfred Lotka alionyesha kwamba, katika fani alizozichunguza, kwa kila waandishi 100 wenye makala moja kulikuwa na takriban 25 wenye makala mbili na 11 wenye makala tatu. Kanuni hiyo ni kipimo kizuri cha kulinganishia. Jarida ambalo waandishi wachache wanarudi mara nyingi kupita makadirio hayo linategemea kundi dogo. Jarida ambalo karibu kila mwandishi huonekana mara moja tu na kupotea huenda linatumika kama ngazi ya kupandia cheo. Hapa wachunguzi hupenda pia kutoa hukumu juu ya sehemu ya makala zinazotoka katika taasisi inayomiliki jarida, wakichukulia kwamba ikiwa kubwa basi kuna upendeleo. Kwa maoni yangu hukumu hiyo inahitaji uangalifu. Pale ambapo sehemu kubwa ya wataalamu wa fani wamekusanyika katika taasisi moja, si ajabu kwamba wao ndio wanaoandika zaidi. La kuchunguza ni mabadiliko: je, muongo baada ya muongo, waandishi wa Kenya, Zanzibar, Uganda, Burundi na Kongo wanaongezeka au wanapungua?

Mabadiliko ya lugha nayo yanaeleza mengi. Katika zama za Kamati, jarida lilikuwa la Kiingereza kwa kiasi kikubwa, na waandishi wake wengi walikuwa maofisa wa elimu, wamisionari na wataalamu wa Kizungu waliokijadili Kiswahili kwa lugha nyingine. Baada ya uhuru Kiswahili chenyewe kilizidi kuwa lugha ya kuandikia makala. Ukiweka mabadiliko hayo kwenye grafu pamoja na mwonekano wa kimataifa, utajaribiwa kusema kwamba jarida lilishuka. Kilichobadilika ni msomaji aliyekusudiwa.

Nani anaona nini

Kanzidata za marejeleo zina asili yake, na asili hiyo inaeleza upofu wake. Mwaka 1934 Samuel Bradford, mkutubi wa Makumbusho ya Sayansi ya London, aligundua kwamba makala za fani yoyote hujikusanya katika majarida machache ya kitovu, na zilizobaki hutawanyika katika majarida mengi ya pembezoni. Eugene Garfield alipoanza kuchapisha fahirisi yake ya marejeleo ya sayansi mwaka 1964, kila rejeleo liliingizwa kwa gharama, kwa hiyo ugunduzi kama wa Bradford ulikuwa na manufaa makubwa: ukishika kitovu, umeshika sehemu kubwa ya kinachotajwa. Fahirisi hiyo ndiyo mzazi wa Web of Science ya leo. Kuachwa kwa pembezoni kulikuwa uamuzi wa gharama, na uamuzi huo ukarithiwa na mfumo ambao sasa unaitumia orodha hiyo kuonyesha nani ana maana.

Scopus, iliyoanzishwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2004, ina orodha pana zaidi lakini nayo ina mlango. Inataka jarida liwe na mapitio ya wataalamu, ISSN iliyosajiliwa, utaratibu wa kutoka kwa wakati, tamko la maadili ya uchapishaji, na angalau ikisiri na vichwa vya makala kwa Kiingereza. Hakuna sharti linalokataza Kiswahili. Kinachoyaangusha majarida mengi ya kwetu ni kutotoka kwa wakati.

Kwa majarida ya Afrika, lango lililofungua njia ni African Journals Online, maarufu kama AJOL, lililoanzishwa mwaka 1998 na baadaye kuhamishiwa Afrika Kusini, ambalo sasa lina majarida zaidi ya 500. Humo utakuta Kioo cha Lugha, jarida jingine la Dar es Salaam, pamoja na jarida la sayansi za bahari la Magharibi mwa Bahari ya Hindi, linalotolewa na jumuiya yenye makao yake Zanzibar. AJOL huonyesha na kusambaza. Kazi ya kuhesabu marejeleo kwa mtindo wa Scopus si yake, na wanaoripoti kwamba jarida limo AJOL kana kwamba hilo ni daraja la marejeleo wanachanganya rafu na mizani.

Inabaki Google Scholar, iliyofunguliwa Novemba 2004, ambayo kwa jarida la Kiswahili ndiyo yenye wavu mpana kuliko zote, kwa kuwa husoma hata tasnifu zilizowekwa kwenye hazina za vyuo. Lakini inafaa kutazama kwa karibu jinsi inavyosoma. Mwongozo wake kwa wachapishaji unataka faili lisizidi megabaiti 5, maandishi yake yaweze kutafutwa, na orodha ya marejeleo ianze chini ya kichwa kilichozoeleka, kikiwa peke yake kwenye mstari. Mifano inayotolewa ya kichwa hicho ni maneno mawili ya Kiingereza. Sasa fungua makala kadhaa za Kiswahili. Moja ina Marejeleo, nyingine Marejeo, nyingine Rejea, nyingine Bibliografia. Ndani ya orodha utakuta waandishi wawili wameunganishwa kwa ‘na’, kama katika Mulokozi na Sengo, na waandishi wengi wamefupishwa kuwa ‘na wenzake’. Kurasa zimetangulizwa na uk., juzuu na Juz., na mhariri ametiwa kwenye mabano kwa Kiswahili. Msomaji yeyote wa kidato cha sita anaelewa mara moja. Programu iliyofunzwa kwa mamilioni ya orodha za Kiingereza inaweza kulichukua neno ‘na’ kuwa sehemu ya jina la mtu, au kuiruka orodha nzima kwa kutojua kwamba ni orodha. Ongeza juu ya hayo matoleo ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa bila maandishi kutambuliwa, ambayo kwa mashine ni picha tu.

Hasara hiyo ina pande mbili, na upande wa pili husahaulika. Makala ya Kiswahili isiposomeka vizuri, marejeleo yaliyomo ndani yake hayaendi kwa waliorejelewa. Na kwa kuwa wanaorejelea makala za Kiswahili kwa wingi ni waandishi wengine wa Kiswahili, mashine inapoteza kiungo kwenye ncha zote mbili: haioni aliyetaja wala aliyetajwa. Jarida la fizikia lisilosomeka vizuri litaokolewa na majarida mengine mia yanayolitaja. Jarida la ushairi wa Kiswahili halina waokoaji hao ndani ya kanzidata.

Marejeleo yanakokaa

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama jarida la Kiswahili linatumika lazima atoke nje ya kanzidata. Mahali pa kwanza pa kwenda ni tasnifu za uzamili na uzamivu. Hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa mfano, ina tasnifu za Kiswahili zinazopakuliwa bure, na kila moja ina orodha ndefu ya marejeleo mwishoni. Kuchukua sampuli ya tasnifu hizo, kuzipitia kwa jicho na kuhesabu ni mara ngapi majarida kama Kiswahili, Mulika, Kioo cha Lugha au Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi yametajwa, kutampa mchunguzi picha ambayo Scopus haiwezi kumpa. Mahali pa pili ni vitabu vya kiada na vya vyuo. Pa tatu ni orodha za usomaji wanazogawiwa wanafunzi mwanzoni mwa muhula, ambazo hakuna mashine inayoziona.

Matumizi mengine hayaachi alama popote. Makala hupigwa kivuli kwenye steshenari ya nje ya geti la chuo, au husambazwa kama faili katika kundi la WhatsApp la darasa, ambapo nakala moja iliyopakuliwa inasomwa na watu wengi. Ndiyo maana idadi ya upakuaji inayoonyeshwa na tovuti ya jarida isitumiwe peke yake: inapunguza kwa upande huo, na inaongeza kwa upande mwingine, kwa sababu roboti za injini za utafutaji nazo hupakua.

Ulinganisho wa karibu unaoweza kufanywa ni baina ya Kiswahili na Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 huko Köln, Ujerumani, na baadaye likawa jarida la mtandaoni lisilolipiwa. Fani zinagusana, na kuna waandishi wanaoweza kutoa makala hapa na pale. Lakini makala ya Swahili Forum hupatikana kamili kwa kubofya mara moja, na nyingi ziko kwa Kiingereza. Tofauti ya marejeleo kati ya majarida hayo mawili ikipimwa bila kuangalia upatikanaji na lugha, itasomeka kama tofauti ya viwango. Njia bora zaidi ni kuchukua waandishi waliochapisha katika yote mawili na kulinganisha makala zao wenyewe kwa wenyewe. Mwandishi akiwa yule yule, sehemu kubwa ya tofauti inayobaki haitokani na kichwa chake bali na mahali alipochapisha.

Katika kuripoti matokeo, wastani nao hupotosha. Tuseme jarida lina makala 40 zilizorejelewa mara 200 kwa jumla. Wastani ni mara 5 kwa kila makala. Lakini ikiwa makala moja imebeba marejeleo 120 peke yake, 39 zilizobaki zina takriban mara 2 kila moja, na hakuna hata moja inayofanana na wastani uliotangazwa. Thamani ya katikati, pamoja na idadi ya makala ambazo hazijarejelewa kabisa, ina uaminifu zaidi. Fahirisi ya h, iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, inajaribu kukwepa tatizo hilo: jarida lina fahirisi ya 8 ikiwa makala zake 8 zimerejelewa angalau mara 8 kila moja. Lakini haishuki kamwe, na jarida la zamani lililolala linaweza kuwa na fahirisi kubwa kuliko jipya lililo hai.

Mjadala wa kimataifa umeanza kuyakubali haya. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni 10, inataka utafiti wenye maana kwa eneo lake ulindwe, na Azimio la Helsinki la mwaka 2019 linatetea mawasiliano ya kitaaluma kwa lugha nyingi. Kamati ya cheo inayodai makala iwe katika Scopus bila kuuliza inajadili nini bado haijafika huko.

Yaliyo mikononi mwa mhariri

Baadhi ya kasoro hizi zinarekebishika bila fedha nyingi. Mhariri anaweza kuchagua kichwa kimoja cha orodha ya marejeleo na kukishikilia katika kila toleo, na kuweka taarifa za makala, yaani kichwa, waandishi, mwaka, kurasa na ikisiri kwa lugha mbili, katika mfumo wa tovuti ambao mashine zinausoma. Programu huria ya kuendeshea majarida ya mradi wa Public Knowledge Project hufanya hivyo ikijazwa vizuri, na tatizo la kawaida ni kwamba hujazwa nusu nusu. Anaweza pia kudai ORCID kwa kila mwandishi, na kuandika kwenye ukurasa wa jarida majina yote ya zamani pamoja na miaka yake. Namba za DOI, yaani vitambulisho vya kudumu vya makala mtandaoni, zina ada, ingawa tangu mwaka 2023 shirika la Crossref, linalozisajili, limeziondolea ada taasisi za nchi kadhaa zenye uchumi mdogo.

Matoleo ya nyuma ni kazi kubwa zaidi. Kuyapiga picha ni rahisi, lakini kuyatambua maandishi kwa usahihi kunadai mtu wa kusahihisha tenzi zenye tahajia ya miaka ya 1950, na kufuatilia haki za warithi wa waandishi ambao baadhi yao walihama nchi kabla ya uhuru.

Kutoka kwa wakati ndiyo kasoro ambayo mhariri hawezi kuiondoa peke yake, ingawa ndiyo inayofunga mlango wa Scopus na kuvuruga kipimo cha athari. Mhadhiri anayetumia likizo yake kupitia makala za wenzake, kuwakumbusha wapitiaji na kusahihisha nukuu, kwa kawaida hupata alama kidogo au hapati kabisa kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Anayeandika makala moja na kuipeleka ng'ambo hupata alama kamili. Katika mpango huo wa motisha, makala ambazo zingelifanya jarida la nyumbani litoke kwa wakati ndizo zinazopelekwa kwingine.